Hesabu ya Mwanga Ndani ya Mkongo wa Faiba

Sauti, picha na maandishi yanayotoka Dar es Salaam kwenda London, au Nairobi kwenda Mumbai, husafiri sehemu kubwa ya njia yakiwa mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo uliolazwa chini ya bahari, wala si mawimbi ya redio yanayorushwa angani kama wengi wanavyoendelea kuamini. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake hadi mwaka 2009, kwa kuwa pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa pwani ndefu za mwisho duniani kufikiwa na mkongo wa aina hii, na nchi zake zilitegemea setilaiti zinazokaa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara inayopanda hadi kwenye setilaiti hiyo na kushuka tena hukata kilomita 72,000 na kuchelewa karibu robo ya sekunde kabla ya kumfikia mtu wa upande wa pili, ilhali ishara inayopita katika mkongo wa TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu, umbali wa karibu kilomita 5,000, huchukua takribani sehemu 25 kati ya 1,000 za sekunde. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi tarehe 23 Julai 2009, TEAMS ukafuata mwaka huohuo, na EASSy, unaotoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ukaanza mwaka 2010. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambako hakuna bahari, huifikia mikongo hiyo kwa nyuzi za nchi kavu zinazoteremka hadi Mombasa na Dar es Salaam.

Ufundi mzima wa mawasiliano ya mwanga, tangu kiwanda cha kioo hadi kisanduku kinachotundikwa ukutani sebuleni, ni jitihada ya kuzuia mwanga usipotee njiani na, pale unapolazimika kupotea, kujua umepotea kiasi gani na mahali gani. Kasi inayotangazwa kwenye mabango ni tunda la hesabu hiyo, na pale hesabu inapofanywa kwa uzembe, kasi hubaki kwenye bango.

Uzi wenyewe ni kioo kitupu cha tabaka mbili zilizoshikana. Tabaka la ndani, linaloitwa kiini, lina kipenyo cha takribani mikromita 9, yaani sehemu 9 kati ya 1,000 za milimita moja, na tabaka la nje, ambalo ni gamba lake, hufikisha kipenyo cha uzi mzima kwenye mikromita 125, kabla ya kupakwa utando wa plastiki unaoukinga dhidi ya michubuko na unyevu. Tabaka zote mbili ni za silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga mweupe, lakini iliyosafishwa kwa kiwango ambacho mchanga haukijui, na kiini hutiwa kiasi kidogo cha jemaniamu ili mwanga utembee ndani yake polepole kidogo kuliko katika gamba. Tofauti hiyo haifiki asilimia 1, lakini inatosha, kwa sababu mwanga uliomo katika kitu kinachoupunguza mwendo, ukifika kwa mshazari mkubwa kwenye mpaka wa kitu ambamo ungekwenda kwa haraka zaidi, hauwezi kutoka, bali huakisiwa wote na kurudi ndani. Wanafizikia huliita jambo hili uakisi kamili wa ndani. Mzamiaji aliye chini ya maji tulivu akitazama juu kwa upande huona uso wa bahari uking'aa badala ya kuona anga, na sababu ni hiyohiyo.

Ni haki kuongeza kwamba picha ya miale inayogongagonga kuta za kiini inafaa zaidi kwa uzi wenye kiini kinene, cha mikromita 50 au zaidi, ambao hutumika ndani ya majengo kwa umbali wa mita mia chache. Katika uzi huo miale hupita njia nyingi zenye urefu tofauti, mingine ikinyooka na mingine ikienda kwa kugonga kila upande, hivyo ishara iliyotoka ikiwa kali na fupi hufika ikiwa imetandazika na kuingiliana na inayoifuata. Kiini cha mikromita 9 hakina nafasi ya njia nyingi: mwanga hupita humo kama wimbi moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na ndiyo maana mikongo yote ya masafa marefu hutumia nyuzi za aina hii.

Kwamba mwanga unaweza kuongozwa kwa njia ya uakisi lilikuwa jambo linalojulikana tangu zamani. Daniel Colladon alilionyesha mjini Geneva mwaka 1841 kwa mchirizi wa maji ulioinama huku mwanga ukiufuata. Kilichokosekana ni kioo kinachopitisha. Katika miaka ya 1960 kioo bora kilichokuwapo kilipoteza karibu desibeli 1,000 kwa kila kilomita, na kipimo hiki cha desibeli kinahitaji maelezo kwa kuwa ndicho lugha ya kila fundi wa faiba: kupotea kwa desibeli 3 ni kubaki na nusu ya mwanga, kupotea kwa 10 ni kubaki na sehemu moja kati ya 10, na kupotea kwa 20 ni kubaki na sehemu moja kati ya 100. Desibeli 1,000, kwa hesabu hiyo, ni giza lisilo na mfano. Mwaka 1966 Charles Kao, mhandisi aliyezaliwa Shanghai na kufanya kazi katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories huko Harlow, Uingereza, akiwa pamoja na George Hockham, alichapisha hoja kwamba lawama haikuwa ya kioo chenyewe bali ya uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za metali, na kwamba kioo kikisafishwa hadi upotevu ushuke kufikia desibeli 20 kwa kilomita, mawasiliano ya simu kwa mwanga yangewezekana. Wachache waliichukulia hoja hiyo kwa uzito. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walivuta uzi uliopoteza desibeli 17, na mlango ukafunguka. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao mwanga wa mkongo ulifika Mombasa na Dar es Salaam.

Uzi wa leo hupoteza karibu desibeli 0.2 kwa kilomita. Mwanga ambao Kao aliomba ubakie baada ya kilomita moja, sehemu moja kati ya 100, sasa hubakia baada ya kilomita 100.

Kiwango hicho hupatikana kwa mwanga wa aina moja tu, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 1,550, na uchaguzi wa kipimo hicho haukuwa wa kubahatisha. Kioo hutawanya mwanga kutokana na kutolingana kudogo mno kuliomo katika muundo wake, na mtawanyo huo hupungua kwa haraka kadiri wimbi linavyorefuka, kwa hiyo mwanga wa buluu ungepotea mapema kuliko mwekundu, na mwekundu mapema kuliko mionzi ya infraredi iliyo mbele yake. Lakini wimbi likirefuka kupita kiasi, silika yenyewe huanza kuumeza mwanga na kuugeuza joto. Nanomita 1,550 ndipo hasara hizi mbili zinapokutana zikiwa ndogo. Mifumo ya masafa ya kati hutumia pia nanomita 1,310, ambako upotevu ni mkubwa kidogo lakini ishara hutandazika kidogo sana kwa sababu za mwendo, na ile ya ndani ya majengo hutumia 850, kwa kuwa vifaa vyake ni rahisi.

Upande wa kutuma kuna leza ndogo kuliko punje ya mchele, iliyotengenezwa kwa tabaka za madini yanayopitisha umeme nusunusu, na upande wa kupokea kuna dayodi inayogeuza mwanga kuwa umeme. Viwili hivyo hufungwa pamoja katika moduli ya metali yenye ukubwa wa kidole, inayochomekwa kwenye swichi au ruta na inayoweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kuzima mtambo. Katika mifumo ya kwanza leza iliwashwa na kuzimwa, kuwaka kukiwa na maana ya 1 na kuzimika maana ya 0, na njia hiyo bado inatumika majumbani hadi leo. Katika mikongo mikubwa ya miaka ya karibuni leza haizimwi; kinachobadilishwa ni nguvu ya wimbi, mahali lilipo katika mzunguko wake, na upande ambao linatikisika, kisha kipokezi hulilinganisha na leza yake yenyewe na kulisoma kwa msaada wa kompyuta ndogo iliyomo ndani yake. Kwa njia hiyo wimbi moja hubeba gigabiti 100 kwa sekunde na zaidi. Mawimbi 80 au zaidi, kila moja likiwa na urefu uliotofautiana kidogo na wa mwenzake, huweza kuingizwa katika uzi uleule mmoja bila kuchanganyikana, na mwisho wa safari hutenganishwa na kichujio cha kioo.

Bado kilomita 100 si bahari. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ishara iliyochoka ililazimika kugeuzwa umeme, kusafishwa na kugeuzwa tena mwanga kila baada ya masafa fulani, na hivyo ndivyo ulivyofanya kazi TAT-8, mkongo wa kwanza wa mwanga kuvuka Atlantiki, uliofunguliwa Desemba 1988 kati ya Marekani, Uingereza na Ufaransa. Suluhisho lilipatikana mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Southampton, katika kundi la David Payne, na katika maabara ya Bell Labs, ambako Emmanuel Desurvire alishughulikia jambo hilohilo: mita chache za uzi wa kioo uliotiwa madini ya erbiamu zikimulikwa na leza ya pembeni, madini hayo hujaa nguvu, na ishara dhaifu inayopita hapo huichukua nguvu hiyo na kutoka ikiwa imekuzwa mara mia au zaidi, mawimbi yote kwa pamoja, bila kugusa umeme hata kidogo. Huu, kwa maoni ya wengi walio katika kazi hii, ndio uvumbuzi ulioipa intaneti upana wake, ijapokuwa jina lake halijulikani mitaani kama la leza. Katika mkongo wa baharini vikuza mwanga hivi hukaa ndani ya mitungi ya metali kila baada ya kilomita 60 hadi 100, navyo hulishwa umeme kutoka nchi kavu, volti elfu kadhaa, kupitia bomba la shaba linalozunguka nyuzi.

Mkongo wa kina kirefu hauzidi sana milimita 20 kwa unene, kwa sababu huko chini hakuna kinachousumbua. Unapokaribia pwani huvikwa nyaya za chuma na kuzikwa, maana hatari ziko huku juu: nyavu za kukokota na nanga ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya ajali za mikongo duniani. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na bandari ya Mombasa. Mnamo Februari 2024 mikongo mitatu iliharibiwa katika Bahari ya Shamu, mmoja wao ukiwa SEACOM, na inaaminika kwamba kilichoikata ni nanga ya meli iliyotelekezwa na mabaharia wake baada ya kushambuliwa kwa kombora. Njia ya kaskazini ilikuwa bado haijatengenezwa pale, tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy ilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa kuanzia Tanzania hadi Uganda.

Ajali hiyo ya Mei inafundisha zaidi kuliko ile ya Februari 2024. Mikongo miwili yenye majina tofauti na wamiliki tofauti, ikipita katika mkondo mmoja wa bahari, ni njia moja kwa macho ya nanga au maporomoko ya mchanga, na nchi inayohesabu usalama wake kwa idadi ya mikongo iliyofika ufukweni, badala ya idadi ya njia zisizokutana, inajidanganya. Ukarabati wenyewe hauna njia ya mkato: kituo cha nchi kavu hupima umbali hadi palipokatika, meli maalumu hutumwa, hunasa ncha moja kwa ndoano na kuifunga kwenye boya, kisha hunasa ya pili, mafundi huunganisha kipande kipya baina yao, na mkongo hushushwa tena. Meli za kazi hiyo ni chache, na iliyotumwa mwezi huo wa Mei ilitoka Cape Town.

Nchi kavu mkongo hufuata barabara, reli na njia za umeme. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, mwaka 2009, na Kenya ina mkongo wake wa taifa unaojulikana kwa herufi NOFBI. Waya unaoonekana juu kabisa ya nguzo za umeme wa msongo mkubwa, uliowekwa kupokea radi, mara nyingi huwa na nyuzi za kioo katikati yake, na mashirika ya umeme hukodisha nyuzi hizo kwa makampuni ya simu. Ni njia salama kuliko mtaro, kwa kuwa hakuna anayechimba barabara kule juu. Adui mkubwa wa mkongo uliozikwa ni sururu na greda la mkandarasi wa maji au wa barabara ambaye hakuuliza kabla ya kuchimba.

Faiba inayofika nyumbani haina vikuza mwanga wala umeme njiani, na hapo ndipo hesabu ya upotevu inapoonekana waziwazi. Mtambo wa kampuni, unaoitwa OLT, hutuma mwanga katika uzi mmoja, na uzi huo, ukifika mtaani, huingia katika kigawanyo, kipande cha kioo kisichohitaji umeme, kinachougawa mwanga kwa nyumba 32 au 64. Ishara ya kila nyumba hufika kwa nyumba zote, ikiwa imefungwa kwa msimbo ambao kisanduku cha mwenyewe pekee huufungua, na visanduku hupeana zamu za kujibu, kila kimoja kikipewa nafasi yake ya kipande cha sekunde. Katika mfumo ulioenea zaidi, GPON, nyumba zote hizo hugawana gigabiti karibu 2.5 kwa sekunde za kupokea na nusu yake za kutuma, jambo linaloeleza kwa nini jioni mtandao huweza kupungua kasi hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Mfumo wa daraja la kawaida huruhusu upotevu wa desibeli 28 tangu mtambo hadi kisanduku. Kigawanyo cha nyumba 32 peke yake humeza karibu 17, kwani kila mgawo wa nusu hugharimu 3 na migawo ni mitano, juu yake pakiwa na hasara ndogondogo za kioo. Kilomita 10 za uzi, kwa wimbi la nanomita 1,310, humeza nyingine 3.5, viungio vinne, kwa makisio ya tahadhari, humeza 2. Hubaki 5.5 za akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoliwa na kazi mbaya.

Kazi nzuri hujulikana kwa mambo madogo. Nyuzi mbili huunganishwa kwa mashine inayozipanga kiini kwa kiini na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme, na maungio yaliyofanywa vizuri hupoteza chini ya desibeli 0.1. Kiungio cha kuchomeka hakina msamaha kama huo: chembe ya vumbi ya mikromita chache, au mafuta ya kidole, inatosha kufunika sehemu kubwa ya kiini cha mikromita 9, na ndiyo maana fundi makini husafisha kila ncha kabla ya kuichomeka, hata ile iliyotoka kwenye mfuko mpya. Kiungio cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa usirudi kwenye leza, cha buluu hakikukatwa hivyo, na kuvilazimisha viwili hivyo vikutane ni kuharibu vyote viwili. Uzi wa kawaida haupaswi kukunjwa katika duara lenye nusu-kipenyo kidogo kuliko milimita 30, kwa sababu kwenye kona kali mwanga hufika mpakani kwa pembe inayouruhusu kutoka. Zipo nyuzi za majumbani zinazovumilia hadi milimita 10 au pungufu, lakini msumari uliopigwa juu ya waya hauna uvumilivu. Mahali pa hasara hupatikana kwa chombo kinachojulikana kwa herufi OTDR, kinachotuma mwanga na kusikiliza mwangwi wake, kikachora mstari unaoteremka taratibu kwa kila kilomita na kuanguka ghafla kila penye kasoro, kwa usahihi wa mita chache.

Mteja hana haja ya chombo hicho. Kabla ya kutia saini kwamba kazi imekamilika, anaweza kumwomba fundi amwonyeshe nguvu ya mwanga unaofika kwenye kisanduku, namba ambayo katika mfumo uliotajwa hapo juu haipaswi kushuka chini ya −27 (kwa kipimo cha dBm) na ambayo ikikaribia hapo haiachi akiba yoyote kwa miaka ijayo, kisha aiandike. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikiwaka baadaye, maana yake mwanga haufiki: aangalie kama waya mwembamba umekunjwa, umebanwa na kabati au umechomoka, asiupanguse kwa kidole, na kamwe asiweke jicho kwenye ncha yake, kwa kuwa mwanga uliomo hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho.